Siku Nilipolipanda Joka kwa Mara ya Kumi na Nane

Jumatano, tarehe 9 Agosti

Nimeanza shajara. Watu wakubwa wote huwa nayo. Daftari nimelitoa karakana. Kurasa za mwanzo zina vipimo vya malori, nimeziruka.

Atakayeisoma nikishakufa ajue habari hizi ni za nani. Mimi ni fundi maturubai, yale mazito ya kufunikia mizigo ya malori. Miaka ishirini na saba kwenye cherehani. Mvua ikinyesha nacheka peke yangu, maana nusu ya mizigo inayopita barabarani imevaa nguo niliyoishona mimi. Shule niliishia darasa la sita. Walimu waliishiwa cha kunifundisha.

Habari kubwa. Jioni tulikula kwa dada yangu. Mumewe, yaani shemeji yangu, ni mpima ardhi. Mtu ambaye kabla ya kukaa anainama kuangalia kama kiti kimelala sawa. Alisubiri vyombo vitolewe, akajikohoza, akatangaza. Ijumaa familia nzima tunakwenda kupiga kambi, siku tatu. Amenunua hema la dukani. Lina zipu. Likikunjwa linakuwa dogo kama mto wa kulalia. Na Jumamosi, kutwa nzima, bustani ya michezo. Ile yenye Joka.

Chai ikanipalia.

Joka ni vigari vinavyokwenda juu ya reli. Vinapandishwa taratibu hadi kupita vilele vya miti, vinasimama kidogo ili mtu akumbuke dhambi zake, kisha vinaachiwa. Vinapinda, vinajikunja, vinageuza watu miguu juu. Najua haya yote kwa kusimuliwa.

Na hapo ndipo penye shida. Mpwa wangu ana miaka kumi. Tunamwita Swali, kwa sababu tangu aanze kusema hajaacha kuuliza. Na kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikimsimulia jinsi nilivyolipanda Joka mara kumi na saba mfululizo bila kushuka, mpaka mwendeshaji akaniomba kwa machozi niende nyumbani. Kumi na saba, si ishirini. Namba ya mviringo inanuka uongo. Namba yenye kona ndiyo inayoaminika. Nikamwambia pia kwamba wenye bustani waliibandika picha yangu getini.

Sijui kwa nini niliongeza ya picha. Ilikuja yenyewe, ilikuwa tamu.

Swali aliruka kwenye kiti. Akasema hatimaye ataiona picha ya Mjomba. Shemeji akatabasamu polepole, kama mtu anayemwagia maua maji. Akasema hata yeye ana hamu sana ya kuiona. Akaongeza kwamba njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu kwamba mimi sijawahi kupita njia fupi maishani.

Tuseme ukweli, maana shajara haisomwi na mtu. Katika familia hii anayeniamini amebaki mmoja. Mama aliacha nilipokuwa na miaka tisa. Dada aliacha kabla ya Mama. Mke wangu alijitahidi, akafika wiki ya pili ya ndoa. Swali akiacha, nitabaki naongea na cherehani.

Nimekubali kwenda. Moyo unadunda tak tak tak. Si woga. Ni furaha.

Alhamisi, tarehe 10 Agosti

Siku ya ushindi. Nimefanya mambo mawili ambayo wengine yangewachukua mwezi.

La kwanza, hema. Zipu? Mimi nilale ndani ya zipu ya Shemeji? Nimefunga karakana saa mbili asubuhi nikashona hema langu mwenyewe kwa turubai la lori la tani kumi. Mshono maradufu. Pete za shaba kila shubiri moja, kamba ya katani inapita humo kama kamba ya kiatu. Mlinzi wa karakana alipita akauliza lori gani hilo fupi hivyo. Nikamwambia ni hema. Akauliza litabebwa na nini. Watu wengine hupenda kuona dosari tu. Tulilibeba watu wanne.

La pili, picha. Kama picha yangu haipo getini, kosa si langu, ni la geti. Na kosa la geti linarekebishika. Nimeitafuta picha niliyopigwa nikiwa na miaka ishirini na sita, ngumi juu, nimesimama mbele ya lori. Nikampelekea mpiga picha wa jirani aikuze na aliondoe lori. Ameliondoa. Ameondoa na bega langu la kushoto. Alisema lilikuwa limeegemea lori, asingeweza kuvitenganisha. Si neno. Shujaa haangaliwi bega.

Nimechukua na kopo la gundi ya maturubai. Ile ikishashika, hata mimi niliyeipaka siitoi.

Mke wangu haji. Anasema ana kazi. Nilimuuliza kazi gani. Akasema ya kutokuja.

Ijumaa, tarehe 11 Agosti

Tumefika! Uwanja wa kambi ni majani matupu, miti michache, bomba moja la maji na choo chenye mlango usio na komeo, unaohitaji kuimbiwa ukiwa ndani. Tumekuja watano: Shemeji, Dada, Swali, Mama na mimi. Kwenye gari hema langu lilikaa mahali pa watu wawili, kwa hiyo Swali alikaa juu yake na kichwa chake kilikuwa kinagonga paa. Aliuliza maswali arobaini na moja. Nilihesabu.

Mvua ilianza tulipofungua mlango wa gari. Si manyunyu. Mvua yenye nia.

Shemeji alitoa chombo chake cha kupimia, akakisimamisha kwenye miguu yake mitatu, akafumba jicho moja. Akasema maji yatatoka upande wa bomba yaelekee upande wa choo, kwa hiyo hema lake ataliweka hapa, na akachora mstari kwa kisigino. Dakika nane, hema limesimama. Jekundu. Jembamba kama ganda la kitunguu. Swali alipiga makofi.

Langu lilichukua saa mbili na robo. Kitu kizuri hakiharakishwi. Liliposimama lilikuwa kama ghala. Mama alilizunguka akiwa na mwavuli, akaligonga kwa kidole kama anayebisha hodi. Akasema atalala humu, la shemeji yangu linamtisha, linapumua. Nilimwangalia Shemeji. Alijifanya anafuta kioo cha chombo chake.

Jioni niliona kasoro ndogo. Ndogo kabisa.

Turubai la lori hufungwa kwa nje. Mzigo uko ndani, dereva yuko nje, anavuta kamba, anapiga fundo, safari. Hivyo ndivyo nilivyoshona miaka ishirini na saba, mikono haikuniuliza. Nilimwingiza Mama, nikamtandikia, nikatoka, nikavuta kamba pete baada ya pete, nikapiga fundo la dereva. Kazi safi. Nikarudi nyuma hatua tatu niitazame. Mvua inanipiga kichwani. Ndipo nikajiona niko nje.

Nilizunguka mara mbili kutafuta namna ya kuingia. Hakuna. Kazi yangu haina mwanya. Ikabidi nifungue, niingie, nilale mlango ukiwa wazi na miguu ikioga. Mama alikuwa macho. Akasema amezaa watoto wawili, na mmoja wao ni fundi anayejifungia nje ya nyumba yake.

Jambo jingine. Bustani iko nyuma ya miti ile, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Kabla ya giza upepo ulileta sauti. Kwanza kitu kama mnyororo unapandishwa, kwa-kwa-kwa-kwa. Halafu kimya. Halafu watu wanapiga mayowe. Watu wazima. Niliwasikia wanaume.

Swali akauliza kama na mimi nilikuwa napiga mayowe hivyo. Nikamwambia mimi nilikuwa napiga mluzi.

Jumamosi, tarehe 12 Agosti, asubuhi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Sababu inakuja.

Niliamka kabla ya wote nikasema nakwenda kutafuta mkate. Picha nimeificha ndani ya shati, gundi mfukoni. Mvua bado. Nilifika getini saa moja na nusu, hapajafunguliwa. Hakuna mtu.

Na bahati gani hiyo! Pembeni ya geti pana ubao mkubwa chini ya kijipaa, na juu ya ubao picha za watu nane. Wamepangwa vizuri, kila mmoja kwenye fremu. Mwanamume mwenye masharubu. Mwanamke mwenye kofia. Wote wanatazama mbele bila kucheka, kama mashujaa wanavyotazama. Juu kulikuwa na maandishi makubwa mekundu, lakini miwani sina, miwani ni ya watu waliosoma mpaka wakaharibika, na maji yalikuwa yananitiririka machoni. Sikuhitaji kusoma. Ubao wa mashujaa unaujua ukiuona.

Nilijibandika kati ya masharubu na kofia. Nikabonyeza mpaka nikahesabu mia. Nimependeza kuliko wote nane.

Gundi ilimwagika kidogo. Kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia vimeshikana. Nilijaribu maji, nilijaribu meno. Nimewaambia kambini kwamba nimeteguka nikimsaidia mwenye duka la mkate kuinua mfuko wa unga. Mkate wenyewe nilisahau. Swali peke yake ndiye aliyenipa pole.

Saa tatu tunaondoka. Najisikia kama bwana harusi.

Jumapili, tarehe 13 Agosti

Yametokea mengi. Naandika ndani ya gari, nimekaa juu ya hema, kichwa kinagonga paa. Vidole bado.

Tulifika getini jana saa tatu na nusu. Swali alitangulia akikimbia, viatu vinarusha matope. Nikamsikia anaita kwamba nipo, Mjomba upo kweli. Alinirudia, akanishika mkono ule mzima, akanionyesha mbele ya watu wote waliopanga foleni. Shemeji alisimama. Alitoa miwani akaipangusa akaivaa tena. Katika miaka kumi na miwili ya undugu wetu sijawahi kumwona akikosa neno. Nilitamani siku iishie pale.

Msichana wa getini, mwenye koti la mvua la njano, aliutazama ubao, akanitazama mimi. Akauliza, mzee, huyu pale ni wewe? Nikamwambia ni mimi mwenyewe, hakuna mwingine, ingawa siku hizi nimeongezeka bega. Akauliza nina hakika. Nikamwambia aulize nchi nzima. Akasema basi nisogee pembeni, siruhusiwi kuingia.

Swali husoma kila kitu. Maboksi, vibao, karatasi ya sabuni. Akayasoma kwa sauti yale maandishi mekundu ya juu: WATU WALIOFUKUZWA. WASIRUHUSIWE KUINGIA TENA.

Shemeji alilazimika kushika nguzo. Alicheka bila sauti, mabega tu. Dada yangu alifunika uso kwa mtandio. Mama akauliza, sasa huyu mwenye masharubu naye ni fundi?

Lakini kichwa changu ni cherehani ya umeme. Hapohapo nikaona mlango wa neema. Nimezuiwa! Sipandi Joka, na heshima inabaki. Nikainama nikamwambia Swali kwa huzuni kwamba ndiyo siri niliyomficha miaka yote. Mara kumi na saba zilichosha mtambo. Reli zilipata moto. Walinipiga marufuku kwa usalama wa umma. Swali alinitazama, akatazama ubao, akatikisa kichwa taratibu. Akasema alijua tu kuna sababu. Nilikuwa nimeshaanza kuchagua benchi la kukaa.

Meneja akaja. Mwanamke mfupi, mwavuli mkubwa. Akasema picha zile amezitundika kwa mkono wake na anazijua kama wanawe. Fremu ni nane. Huyu wa tisa hana fremu, hana bega, na bado anachuruzika gundi. Akaniuliza nani ameniweka pale. Nikasema nina maadui wengi, kazi yangu ina wivu. Akasema hebu aone mikono. Nikampa wa kushoto. Akasema na ule mwingine.

Nikautoa. Mvua tu kwenye miavuli.

Ndipo Swali akaingilia. Akamwambia meneja kwamba Mjomba wake amekuja kuomba radhi kwa Joka, na kwamba yeye amesubiri miaka mitatu amwone akipanda, na kama ni kosa basi akubaliwe mara moja tu. Meneja alimtazama mtoto, akanitazama mimi, na mdomo wake ukaanza kuchezacheza. Akasema amekubali. Tena hakuna foleni, bingwa apande wa kwanza. Yeye mwenyewe atatusindikiza.

Nilimweleza kuhusu kidole. Akasema Joka halipandwi kwa kidole.

Sasa nisimulie ilivyokuwa. Swali alikaa kulia kwangu, anacheza miguu kwa furaha. Wakatubana kwa chuma kifuani. Kwa-kwa-kwa-kwa. Miti ikashuka. Niliiona kambi yetu, hema langu kubwa na kale kajekundu pembeni, nikawaza kwamba ni maisha mazuri yale ya chini. Kigari kikasimama. Swali akauliza kama hapa ndipo nilipokuwa napiga mluzi.

Nilifumba macho ili wengine wapate nafasi ya kuona. Nilitoa sauti, ndiyo, lakini sauti ya kumtia mtoto moyo. Katikati hapo kuna neno moja nililitaja mara nyingi. Neno lenyewe ni Mama. Bahati mbaya Mama alikuwa kwenye benchi chini na mwavuli wake, na masikio yake hayajazeeka. Akaitika. Nilipokuwa kichwa chini miguu juu nilimsikia kabisa akiitika, abee mwanangu, kama ananijibu kutoka jikoni.

Halafu ikaisha. Na nasema hivi, tena naandika kwa herufi kubwa: NILISHUKA KWA MIGUU YANGU. Magoti yalifuata baadaye. Na kifuani nilijisikia kitu kikubwa kinachemka, kama nimekunywa radi. Ningependa kurudia. Si leo.

Sikujua kwamba pale kwenye mteremko mkubwa mtambo unapiga picha wenyewe. Ukitoka unaikuta inakusubiri dirishani, inauzwa. Nilimwona Shemeji amesimama pale dirishani muda mrefu, mgongo wake umetulia. Mpima ardhi huwa hivyo akiona jambo lake. Nikachungulia.

Ndani ya picha yumo mtu mzima, macho yamefungwa, mdomo umefunguka mpaka unaona alichokula. Amemkumbatia mtoto wa kike. Kichwa chake kiko begani kwa mtoto. Mtoto ametulia, mkono mmoja juu, anapunga.

Shemeji aliinunua. Akaitia kwenye nailoni, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Akasema, shemeji yangu, hii tutaitazama kwa utulivu jioni, familia nzima. Swali alikuwa anamsaidia Bibi yake kuinuka kwenye benchi, hakuona.

Kutwa nzima sikufurahia kitu. Kwenye vigari vya kugongana nilimgonga Shemeji mara tisa nikidhani picha itadondoka. Kwenye farasi wa kuzunguka nilikaa nyuma yake, nikanyoosha mkono kwenye mfuko wake. Lakini mtu mwenye vidole viwili vilivyoshikana hafungui kifungo. Akageuka, akauliza kama nimesinzia. Nikasema kulikuwa na mdudu. Akanishukuru.

Tulirudi kambini saa kumi na moja na mvua ikiongezeka. Na hapa, ewe msomaji, ndipo ukuu wangu ulipodhihirika. Maji hayakutoka upande wa bomba. Yalitoka upande wa choo. Mstari wa kisigino cha Shemeji yaliuvuka bila kuuliza. Hema jekundu lilijaa, likavimba, likalala chini kama mtu aliyesikia habari mbaya. Zipu imekwama. Shemeji alisimama ndani ya maji na chombo chake mkononi, anasema haiwezekani, alipima. Sikumcheka. Nilicheka nikiwa nyuma ya gari.

Wote wakahamia kwangu! Pamoja na Mama watu wanne, magodoro, jiko, sufuria ya viazi. Ndani pakavu kabisa. Turubai halikupitisha tone. Dada yangu alisema maishani mwake hajalala mahali pakavu hivi. Nikamwambia Shemeji ajisikie yuko nyumbani.

Kisha upepo ukafungua mlango na mvua ikamwagikia Mama. Akasema pafungwe. Mlango unafungwa kwa nje. Nilimtazama Shemeji, Shemeji akatazama viazi. Mama akauliza fundi ni nani humu.

Nikatoka na beseni la kuoshea vyombo kichwani. Pete baada ya pete, vidole vitatu na ncha za gundi. Nikakaza fundo. Katani ikilowa inavimba, fundo linakuwa jiwe. Ndipo nikakumbuka kwamba ufunguo wa gari uko mfukoni mwa Shemeji, na Shemeji yuko ndani.

Nilisogeza mdomo kwenye pete niombe ufunguo. Mvua ilikuwa imepungua kidogo. Nikasikia natajwa. Nikaondoa mdomo, nikaweka sikio.

Shemeji alikuwa anasema sasa tuitazame picha ya bingwa. Nikasikia nailoni inafunguliwa. Nikasikia dada yangu anacheka, halafu anajizuia. Halafu Shemeji kwa sauti kama ya mwalimu akamwambia binti yake aitazame vizuri, amwambie nani amemshika nani, na nani anamlilia mama yake.

Beseni lilikuwa linalia juu ya kichwa changu, ti, ti, ti. Nilijua ndiyo mwisho. Miaka mitatu. Nilijisikia mdogo kuliko lile hema la dukani.

Swali akasema hapo walikuwa wanaingia kona ya kumi na moja. Akasema kona ya kumi na moja ndiyo mbaya, yeye aliogopa, akamwomba Mjomba amkumbatie. Na macho Mjomba alifumba kwa sababu nywele zake yeye zilikuwa zinamchoma. Shemeji akauliza, na Mama? Swali akasema hapo ni yeye aliyemtuma. Alitaka Bibi atazame juu amwone anavyopunga mkono, na sauti yake ingekuwa ndogo, kwa hiyo akamwambia Mjomba amwite. Aulizwe Bibi kama hakutazama.

Nilisikia viazi vinachemka.

Mama akasema ni kweli. Alitazama juu, akauona mkono. Tena, akasema, ulikuwa wa kushoto.

Kona ya kumi na moja! Si ya kumi. Namba yenye kona. Nilisimama pale mvuani na beseni langu nikajua kwamba damu haipotei. Uso wangu ulikuwa umelowa, lakini ilikuwa inanyesha.

Baadaye niligonga nikaomba ufunguo, wakaupitisha chini ya turubai. Nililala garini kama mfalme aliyekunjwa.

Leo asubuhi mvua imekatika. Fundo limekataa kabisa. Nilikata kamba kwa kisu cha jikoni na Swali akawa wa kwanza kutoka. Tulikaa juu ya boneti ya gari tukila viazi baridi. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba anajua. Anajua tangu akiwa na miaka saba. Na jana amesoma kwenye nguzo ya Joka kwamba limejengwa miaka minne iliyopita, na mimi miaka minne iliyopita nilikuwa tayari na goti bovu. Akasema si kitu, yeye anazipenda hadithi zangu hivyohivyo, ila ningemwomba msaada mapema angenisomea ule ubao.

Nilitafakari sana maneno yake. Nilimeza kiazi. Kisha nikamweleza ukweli, kwamba Joka hili ni la pili. Lile la kwanza lilikuwa refu zaidi, na walilivunja kwa sababu yangu.

Akaniuliza lilikuwa na kona ngapi. Nikamwambia ishirini na tatu. Akacheka mpaka akateleza kwenye boneti akakaa kwenye tope.

Mtoto huyu ananiamini kuliko zamani.

Alhamisi, tarehe 17 Agosti

Karakana imejaa kazi. Vidole vimeachana Jumanne, ngozi kidogo imebaki kwa kila upande.

Picha ya Joka ninayo mimi. Swali ameiomba kwa baba yake akaniletea. Nimeitundika juu ya cherehani. Madereva wanauliza. Nawaambia ni siku niliyomwokoa mtoto. Mmoja aliuliza mbona aliyeshikiliwa anaonekana ni mimi. Nimemwongezea siku mbili za kungoja turubai lake.

Leo meneja wa bustani amepiga simu kwa Dada. Wamejaribu maji ya moto, wamejaribu bapa la chuma. Picha yangu haitoki ubaoni. Wameamua kuiwekea fremu, ifanane na zile nyingine. Kwa hiyo nauliza, nani alisema uongo? Nilisema picha yangu iko getini. Iko getini. Nimemtumia Shemeji ujumbe kumjulisha. Nasikia anapima upya uwanja wa kambi.

Mwakani wanasema tutarudi, na kwamba huenda mvua ikanyesha tena. Mimi siwezi kukamatwa mara mbili. Nimejifunza! Kosa lilikuwa beseni. Tangu asubuhi nimeshona koti la mvua kwa turubai la tani kumi, mshono maradufu, pete za shaba kila shubiri. Halipitishi tone. Mke wangu alikuja kuniletea chakula, akalizungukazunguka, akauliza linafungwa wapi.

Mgongoni, nikamwambia, kwa kamba ya katani. Nililivaa ili aone, nikampa kamba avute, akavuta vizuri sana mpaka juu, akapiga fundo la dereva nililomfundisha mwenyewe.

Kisha akaenda sokoni. Nimelivaa mpaka sasa. Linanikaa vizuri mno.